Taa ya Dirishani Katika Nchi ya Mezani

Namna Ketura alivyofika nchi ya Mezani haitatuchelewesha. Aliondoka kwao, akachoka, akafika. Aliyewahi kusafiri peke yake katika umri wa kupata wajukuu anayajua yaliyobaki. Kilichompeleka ndicho cha kuelezwa.

Ketura alikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika madarasa ya jioni. Aliyaanza masomo hayo wakati wenzake wa rika lake walikuwa wanafikiria kupumzika. Kila jioni aliingia darasani na uchovu wa kutwa nzima, akafunika uso kwa viganja na kuomba, "Bwana, nipe akili ya saa hizi mbili tu," kisha akafungua daftari. Shule yake ilikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na msamaha: hakuna anayefanya mtihani wa mwisho bila muhuri wa Mezani. Na muhuri huo hautumwi kwa barua. Lazima mtu aende mwenyewe, akae muhula mzima bila kukosa jioni hata moja.

Mezani ilisifika kwa jambo moja. Wenyeji husimulia kwamba zamani mtoto mmoja wa nchi hiyo aliugua. Daktari akaingia kwa mlango wa mbele, akaacha dawa. Mfamasia akaingia kwa mlango wa uani, akaacha dawa. Muuguzi akafika jioni, akakuta dawa zimepangwa vizuri juu ya kabati, akampa mtoto zote. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Mtoto hakuamka. Wazee wa nchi hawakumfunga mtu, kwa kuwa kila mmoja alithibitisha kwamba kwa upande wake hakukosea. Walichofanya ni kuangusha mti mkubwa, wakachonga meza ndefu moja, wakatunga sheria: hakuna atakayeitwa mtabibu wa aina yoyote mpaka akae muhula mzima kwenye meza hiyo pamoja na watabibu wa kazi nyingine, na kwenye kichwa cha meza akae mgonjwa. Mgonjwa wa kweli, mwenye jina lake na kikohozi chake.

Ketura aliijua hadithi hiyo kwa moyo. Kwao walifundishwa wiki ya kwanza.

Basi alipoingia Mezani, alitazama huku na huku, hakuona meza.

"Iko wapi?" alimuuliza ofisa wa lango, mzee aliyevaa barakoa iliyoshonwa kwa kitambaa cha pazia.

"Meza? Iko kila mahali, mama," alijibu ofisa kwa fahari.

Kisha akamweleza. Miaka michache nyuma iliingia homa ya kifua. Hili lisemwe wazi, maana wasafiri wengine wakirudi kutoka Mezani hucheka tu: homa ilikuwa ya kweli, na makaburi yapo. Walioanza kufa walikuwa watabibu wenyewe, kwa sababu walikaa bega kwa bega kwenye meza moja. Serikali ikaamuru kila mtu abaki ndani kwake. Likabaki swali la sheria. Baraza lilikaa siku nyingi. Wengine walisema masomo yasimame. Wengine wakauliza, wasipohitimu wapya, nani atawatibu wagonjwa wa homa? Wote walikuwa na hoja, na wote walikuwa wamechoka, na katika uchovu huo wakafikia uamuzi: meza ikatwe kwa msumeno. Kila mtabibu na kila mwanafunzi apewe kipande, akiweke chini ya dirisha lake, na atakayekaa mbele ya kipande chake ahesabiwe kwamba amekaa mezani. Maseremala wakaitwa. Sheria haikuvunjwa hata neno moja.

"Na kichwa cha meza," Ketura aliuliza, "pale alipokaa mgonjwa, alipewa nani?"

Ofisa alifikiri kidogo. "Sidhani kama kuna aliyekiomba," alisema.

Aliyekiokota alikuwa Mwalimu Sikitu, mkunga mzee aliyewahi kufundisha kwenye meza hiyo ilipokuwa nzima. Ketura alipewa malazi kwake, pamoja na kipande chake mwenyewe cha kuweka chini ya dirisha. Chumba kilikuwa kimoja, chenye dirisha moja na taa moja, kwa kuwa mafuta yaligawiwa kwa kipimo tangu homa ianze na hakuna nyumba iliyoruhusiwa taa ya pili. Kichwa cha meza kilikuwa pembeni, kimebeba birika na sufuria.

"Seremala alitaka kukifanya kuni," Mwalimu Sikitu alisema. "Nikamwambia kuni zangu zinatosha. Wewe umekuja kutafuta muhuri?"

"Ndiyo, Mwalimu. Na elimu."

"Muhuri utaupata. Utambi wa taa yako ukoje?"

Ketura alidhani bibi anatania. Jioni alielewa.

Nyumba za mji huo zimejengwa kuzunguka uwanja mpana, madirisha yote yakitazama ndani. Jua lilipozama, kengele ililia, na taa zikawashwa madirishani, moja baada ya nyingine, mpaka uwanja wote ukawa umezungukwa na mwanga. Ketura aliona ni pazuri, akamshukuru Mungu kwa kumfikisha. Kwenye mnara katikati ya uwanja alisimama Mwangalizi wa Taa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka polepole na kutazama. Dirisha lenye taa, mwenyewe yupo. Dirisha lisilo na taa, mwenyewe hayupo. Hakuwa na kazi nyingine, na aliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Kisha kiongozi wa masomo, aliyeitwa Mheshimiwa Mratibu, alitokeza kwenye roshani yake, akapaza sauti, "Mnanisikia?"

"Tunakusikia!" madirisha yote yakajibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Hakuna aliyeweza kusema neno bila kuuliza kwanza kama anasikika, na hakuna aliyewahi kujibiwa kwamba hasikiki. Upepo wa mlimani ulivuma karibu kila jioni na kuchukua nusu ya maneno. Msemaji alionekana akifungua na kufunga mdomo. Watu waliitikia kwa vichwa. Upepo ukitulia walisikia, "...na hilo ndilo jambo la msingi kabisa," wakapiga makofi.

Baada ya wiki moja Ketura aligundua kitu kingine. Madirisha mengi yalikuwa na mapazia, na mapazia yalichorwa nyuso: kila mwenye nyumba alijichora mwenyewe, macho wazi, kidevu juu ya kiganja, anasikiliza kwa makini. Mbele ya pazia taa iliwaka. Nyuma ya pazia watu walimenya viazi, walinyonyesha, walilala. Ketura hakuwahukumu. Aliwaona mchana, wanafunzi hao, wakibeba maji na kuuguza wazazi wao, na alijua mwili wa mtu una kiasi chake.

Wodi zilifungwa kwa wanafunzi, kwa hiyo mgonjwa wa kujifunzia alikuwa mto. Ulivalishwa kanzu, ukaketishwa kwenye roshani ya Mratibu, ukaitwa Bwana Mfano. Bwana Mfano alikuwa anaumwa tangu mwaka wa kwanza wa homa. Hakupona na hakufa. Kila jioni daktari mmoja alitambua ugonjwa wake, muuguzi mmoja alimgeuza kwa maneno, mfamasia mmoja alimpa dawa kwa maneno, na yeye akavumilia.

Halafu kulikuwa na bomba. Katikati ya somo kengele ndogo ililia, na kila mwanafunzi aligeukia bomba la bati lililomuunganisha na wenzake watatu wa kazi nyingine, ili wajadiliane wakiwa kikundi. Kikundi cha Ketura kilikuwa na Daktari Lukindo, aliyekuwa anarudia muhula. Bi Zawena, mfamasia. Na Bwana Kisoka, mtaalamu wa kunyoosha viungo. Yeye Ketura alikuwa muuguzi.

Mara ya kwanza aliweka sikio kwenye bomba, akasubiri. Alisikia pumzi tu.

"Hamjambo wenzangu," alisema mwishowe.

"Hatujambo," bomba lilijibu, kwa uzito.

"Nani aanze?" aliuliza Bi Zawena.

"Daktari aanze," alisema Kisoka. "Daktari asipoanza wataandika tumekosa adabu."

"Mimi nilianza muhula uliopita," Lukindo alisema. "Na wenzangu wa muhula huo walinyamaza hivihivi. Nilidhani wamekufa."

"Wao walidhani wewe ndiye unataka kusema peke yako. Si kawaida yenu?"

Ketura alicheka, na bomba zima likacheka kidogo, na kengele ikalia papo hapo kwamba muda umekwisha. Mratibu alipouliza kikundi chao kimefikia wapi, Daktari Lukindo alijitokeza dirishani akasema, "Mnanisikia? Tumekubaliana kwamba ushirikiano ni muhimu." Madirisha yakapiga makofi.

Jioni nyingi zilipita hivyo. Ketura aliona aibu kumwomba Mungu ampunguzie masomo ambayo alikuwa amemwomba ampe, kwa hiyo hakuomba lolote, alipiga magoti tu kando ya godoro na kukaa hapo.

"Umelala au unasali?" Mwalimu Sikitu alimuuliza jioni moja.

"Sijui, Mwalimu."

"Basi Mungu anajua. Njoo unywe chai." Alimmiminia. "Unajua kwenye meza yangu kulikuwa na kanuni moja tu? Ambaye hakusikia anasema, 'Sijasikia, rudia.' Yeyote. Mgonjwa zaidi ya wote. Walilichukia neno hilo, madaktari hasa, lakini walirudia. Na wakirudia mara ya pili, mara nyingi wenyewe walisikia walichokosea."

"Kwa nini halisemwi siku hizi?"

"Nililisema jioni ya kwanza ya madirisha. Wakaniambia tatizo ni upepo wa upande wangu."

Karibu na mwisho wa muhula moyo wa Mwalimu Sikitu ulianza kwenda mbio. Akipanda kitandani alikuwa anatweta. Ketura aliwaambia wenzake kupitia bomba, na hapa lazima wasifiwe, kwa kuwa wote watatu walishtuka kwelikweli. Mwalimu alikuwa amewafundisha wote, na Kisoka alikuwa amezaliwa mikononi mwake. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na kamba za kupitishia vikapu. Asubuhi kikapu cha Daktari Lukindo kilileta dawa ya maji katika chupa ya buluu. Mchana kikapu cha Bi Zawena kilileta vidonge vyeupe. Kisoka alituma maelekezo ya namna ya kuinuka na kuketi ili damu itembee. Ketura alivipanga vyote vizuri juu ya kichwa cha meza, kando ya birika, na akampa Mwalimu kila kitu kwa saa yake, bila kukosea hata mara moja.

Mwanzo moyo ulitulia, na Ketura akashukuru. Kisha ukaendelea kutulia. Siku mbili baadaye Mwalimu Sikitu alikuwa anasinzia katikati ya maneno. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa siku ya jioni ya mwisho ya muhula, Ketura alimshika kifundo cha mkono na ilimbidi asubiri, asubiri tena, kabla mshipa haujagonga. Mikono ilikuwa ya baridi.

Kengele ililia. Ketura aliwasha taa, akaiweka dirishani, akakaa mbele ya kipande chake cha meza. Jioni hii ikipita, muhuri ni wake. Asipoonekana jioni hii, muhula wote umepotea. Hiyo ndiyo sheria, na aliijua tangu langoni. Nyuma yake, gizani, aliisikia pumzi ya Mwalimu.

Alipeperusha kitambaa chake kuomba zamu. "Mnanisikia?"

"Tunakusikia!"

"Nina mgonjwa hapa. Mwalimu Sikitu. Hali yake imebadilika. Naomba kikundi changu kimjadili sasa."

Mheshimiwa Mratibu alikuwa mtu mpole, na alijibu kwa upole. "Pole sana, mama. Mwalimu wetu sote. Tutamweka kwenye mengineyo, mara tu tukimaliza Bwana Mfano."

Likazuka shauri. Dirisha moja lilisema mgonjwa wa kweli hawezi kutangulia mgonjwa wa mtaala. Jingine likasema anaweza, ila lazima kwanza aandikishwe kama mfano. La tatu likauliza kama mgonjwa mwenyewe ameridhia kujadiliwa, na hilo lilikuwa swali zuri, lakini aliyeliuliza hakumuuliza mgonjwa, alimuuliza Mratibu. Upepo ukavuma. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Ketura aligeuka, akakisogelea kitanda. Alikishika kwa upande wa kichwani, akavuta. Kitanda kilikuwa kizito na sakafu ilikuwa na mashimo, na yeye hakuwa msichana. Alivuta huku anasema, "Bwana, Bwana, Bwana," na hakuongeza neno jingine. Kichwa cha Mwalimu kikafika dirishani, kikaonekana na uwanja mzima: nywele nyeupe, kilemba kimeteleza.

Shauri likakatika. Wengi wa wenye madirisha hawakuwa wamemwona mgonjwa dirishani tangu homa ianze.

Daktari Lukindo hakusubiri zamu. "Mwalimu!" aliita kutoka ng'ambo. "Unajisikiaje?"

Midomo ya bibi ilitikisika.

"Sijasikia," alisema Mwalimu Sikitu, kwa sauti ndogo. "Rudia."

Lukindo alirudia, na safari hii aliuliza vizuri zaidi. "Mwalimu, unakunywa dawa gani?"

"Zenu zote. Ya buluu. Na vile vyeupe. Si mlisema?"

"Vyeupe vipi?" Lukindo alishtuka.

"Vya kwangu," alisema Bi Zawena kutoka dirisha lake. "Daktari, ya buluu ni ipi?"

Lukindo akaitaja.

"Ni dawa moja!" Bi Zawena alilia. "Majina mawili, dawa moja! Ketura, usimpe tena, hata moja!"

Ketura alisimama na mkono wa bibi mkononi mwake. Daktari aliacha dawa. Mfamasia aliacha dawa. Muuguzi alifika akakuta zimepangwa vizuri. Aliijua hadithi hiyo kwa moyo, na alikuwa ameifanya upya kwa mikono yake mwenyewe, siku tatu, kwa saa zake.

"Ketura!" Lukindo aliita. "Midomo yake ina rangi gani?"

Alitazama. Taa ilikuwa imekaa upande wa nje wa dirisha, juu ya ubao wake, ikiangaza uwanja. Ndani, uso wa Mwalimu ulikuwa kivuli.

"Sioni," alisema.

"Lete taa!"

Mnarani, Mwangalizi wa Taa alikuwa katikati ya mzunguko wake, na uso wake ulikuwa unakuja upande wa dirisha la Ketura. Angeweza kusubiri apite. Ni muda mfupi tu. Mtu angeweza kusali sala ya Bwana ikaisha. Ketura alifikiria hilo, na tusimsingizie utakatifu kwa kusema hakufikiria. Alifikiria mchana wote wa kazi na jioni zote za darasa, na mtihani, na jina lake likiitwa kwao mbele ya watoto wake. Kisha mshipa ulichelewa tena chini ya vidole vyake.

Aliichukua taa kutoka dirishani. Alikivuta kichwa cha meza kwa mguu, birika likaanguka, akaweka taa juu yake kando ya kitanda.

"Imepauka," alipaza sauti kuelekea gizani. "Inaelekea buluu."

"Inua miguu yake," Kisoka aliita, "juu ya mito, yote uliyo nayo! Na asiinuke, yale maelekezo yangu yatupe! Mwongeleshe, asisinzie!"

"Ninayo ya kuufanya moyo uamke," Bi Zawena aliita, "lakini si ya kupima kwa macho kutoka huku. Daktari, lazima mtu awe pale!"

Hapo kulitokea jambo ambalo Ketura alilisikia tu, maana alikuwa ameinama. Alisikia komeo likivutwa. Milango ya Mezani ilikuwa na makomeo kwa ndani, si kwa nje. Sheria ya homa iliwataka watu wakae ndani. Haikumkataza mtabibu aliyeitwa na mgonjwa kutoka akiwa amefunika mdomo na kunawa mikono. Ilikuwa imeandikwa hivyo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ameikataa ruhusa hiyo. Ilikuwa imesahaulika tu, jinsi mtu anavyosahau kwamba ana ngazi nyuma ya nyumba. Lukindo alivuka uwanja mbio, akapita chini ya dirisha la Bi Zawena, kikapu kikashuka, akakichukua bila kusimama, akapiga hodi.

"Karibu, Daktari," Ketura alisema. "Nawa pale."

Hawakuzungumza sana tena. Yeye alihesabu mshipa, Lukindo alipima dawa kwenye mwanga wa taa, na kila alipopima alipaza sauti akamtajia Bi Zawena kiasi, na Bi Zawena akakirudia kutoka dirishani kabla hajakubali kitolewe. Kisoka aliimba, kwa sauti mbaya sana, ili Mwalimu asilale.

"Mwambie huyo anyamaze," Mwalimu Sikitu alisema baada ya muda. "Hata siku niliyomzalisha alipiga kelele kama hivi."

Ndipo Ketura alipoketi sakafuni na kulia. Mshipa ulikuwa unagonga, haujawa mzuri, lakini unagonga bila kusubiriwa.

Asubuhi Mwangalizi wa Taa alitangaza mahudhurio ya jioni ya mwisho. Bi Zawena alikuwepo. Bwana Kisoka alikuwepo. Daktari Lukindo, ambaye taa yake iliwaka dirishani muda wote aliokuwa nyumbani kwa mwingine, alikuwepo. Mapazia yote yaliyochorwa yalikuwepo. Mgeni Ketura hakuwepo.

Wenzake walikata rufaa. Baraza likakutana siku hiyohiyo, na hakuna anayeweza kusema walichukulia jambo hilo kimzaha. Walimsifu Ketura kwa kirefu. Walikubali kwamba Mwalimu Sikitu angekufa. Mwangalizi wa Taa aliulizwa kama alimsikia mgeni akisema, akajibu kwamba alimsikia waziwazi, kuliko msemaji yeyote wa muhula ule, lakini yeye aliajiriwa kutazama, hakuajiriwa kusikia. Mjumbe mmoja alisema mtu anayesikika na haonekani ni jambo jipya, likichukuliwa haraka litaleta vurugu. Mwishowe wakapitisha maazimio mawili. La kwanza, kutokana na funzo kubwa lililopatikana, kila dirisha kuanzia muhula ujao liwe na kitanda. La pili, mahudhurio yabaki yalivyo.

Mheshimiwa Mratibu alikuja mwenyewe kumpa habari, akasimama nje chini ya dirisha, kofia mkononi. "Tumesikitika, mama," alisema, na alikuwa amesikitika kweli. "Ukitaka, unaweza kuanza upya."

Mratibu alipoondoka, Ketura alifunika uso kwa viganja vyake. Alitafuta maneno ya kusali, akakuta hayapo, akakaa na Mungu bila maneno. Uchovu ulikuwa umemwingia kwenye mifupa. Nyuma yake Mwalimu Sikitu alikuwa anakunywa uji, anapuliza kijiko kabla ya kila funda.

"Utarudi kwenu?" aliuliza bibi.

"Nikirudi hivi nitasema nini?"

"Sema ulifika meza haipo."

"Lakini ilikuwepo, Mwalimu," alisema Ketura. "Jana usiku. Ilikuwepo kwa muda."

Bibi alikitazama kichwa cha meza, pale taa ilipokuwa imeacha alama nyeusi ya moto juu ya mbao. Aliendelea na uji wake.

Muhula mpya ulianza. Jua lilipozama kengele ililia, taa zikawashwa. Katika madirisha mengi sasa vilionekana vitanda, na juu ya vitanda mito imefunikwa shuka hadi shingoni, mingine imechorwa macho. Watatu wa kikundi cha zamani walikuwa wamepata mihuri yao na kazi zao. Kwenye bomba la Ketura kulikuwa na pumzi za watu wapya. Mwangalizi alizunguka mnarani. Mratibu akaomba wanafunzi wapya wajitambulishe, mmoja mmoja.

Zamu ya Ketura ilipofika, taa yake ilikuwa dirishani, na kitanda kilikuwa palepale alipokivuta, na aliyelala juu yake alikuwa hai.

Aliinamia uwanja. "Mnanisikia?"

"Tunakusikia!" madirisha yote yakajibu kwa pamoja, na mapazia nayo, na upepo ukavuma.

"Naitwa Ketura," alianza. "Ni muuguzi mwanafunzi. Nimekuja kujifunza..."

"Sijasikia," ilisema sauti ndogo kutoka kitandani. "Rudia."

Ketura alivuta pumzi. Akaupa mgongo uwanja, akamgeukia mgonjwa, akarudia.